Kadi ya sauti niliyoambiwa niitupe

Bibi yangu alirikodi taarab za harusi kwa redio kaseti yake miaka ya 1980, na kanda zimeshaanza kuota ukungu. Nikaamua kuziingiza kwenye kompyuta yangu ya mezani ya zamani, yenye kadi ya sauti ya PCI, yaani kibao cha sauti kinachochomekwa ndani, na lile tundu la buluu la kupokelea sauti. Tundu hilo msilidharau. Laptopu nyingi zina la maikrofoni tu, nalo linakuza sauti kupita kiasi.

Kanda ya kwanza ikaingia na mvumo mzito. Dukani Darajani, mjini Unguja, wakaniambia kadi imekufa, ninunue mpya ya nje, kwa bei ambayo ingekula nusu ya mshahara wangu. Mwengine akasema nisafishe kwa programu. Nilisafisha, mvumo ukapungua, lakini kanuni, ile ala ya nyuzi, ikasikika kama inapigwa ndani ya pipa la maji. Aliyeniudhi khasa ni fundi aliyeniambia nikate waya wa athi kwenye plagi ya kompyuta. Nilikata, na mvumo ukaisha kweli. Jioni yake, waya wa sauti nikiwa nimeuchomoa, nikaegemea kasha la kompyuta huku mkono mwengine umeshika amplifaya, umeme ukanitambaa hadi kiwikoni! Ndani ya pawa saplai mna kapasita ndogo za kuchuja, zimeunganisha laini ya umeme na kasha, na athi ndiyo inayoupeleka umeme huo ardhini. Ukiikata, kasha linaweza kubaki na kama nusu ya volti 230. Watoto wanacheza chumba hicho hicho. Mtu akikwambia ukate athi, usimsikilize hata kidogo.

Mvumo wenyewe ulitokana na mduara. Deki ya kaseti ilipitia kwenye amplifaya yenye athi yake, kompyuta nayo ina yake, waya wa sauti ukaziunganisha, na umeme wa Hz 50 ukawa unazunguka humo. Dawa nikaipata kwa fundi wa redio za daladala: kidude chenye transfoma mbili ndogo, wanachokiweka ili mlio wa alteneta usiingie kwenye spika. Elfu chache tu. Nikakipachika katikati, athi nikairudisha mahali pake, kimya.

Kimya hicho ndicho kilichonifichulia kasoro ya pili. Kulia besi ilikuwa nzito, kushoto imekonda. Sasa, bibi alirikodi kwa maikrofoni moja, kwa hiyo pande zote mbili zilipaswa kuwa sawasawa. Nikabadilishana plagi nyekundu na nyeupe zinazotoa sauti nyuma ya amplifaya. Lau kasoro ingehamia kulia, ingekuwa ya kanda, deki au amplifaya. Haikuhama. Nikatoa kile kidude, nikabadilisha waya, bado iko kushoto. Basi ni kadi.

Kaka akasema nichukue upande wa kulia tu, yaishe. Sikukubali. Muziki ndio unaofanana pande mbili, ile shii ya kanda haifanani. Ukizichanganya, shii inapungua kwa desibeli 3 hivi ukilinganisha na muziki. Kwa kanda za miaka ile hilo si dogo.

Nikachomoa kadi. Nyuma ya tundu la buluu zimesimama kapasita mbili za elektroliti, moja kila upande, mikrofaradi 10. Kazi yake ni kuzuia mkondo mnyoofu, yaani umeme usiobadili mwelekeo, na kupitisha sauti. Ya kushoto ilikuwa na kutu ya kijani miguuni. Nyumba yetu inatazama bahari, na upepo wa chumvi unaingia kutwa. Nilipoitoa na kuipima haikufika hata 0.1. Ikishuka hivyo, mbele ya saketi ya omu 10,000, kila sauti nzito iliyo chini ya Hz 160 inaanza kukatwa, na besi ya taarab inakaa humo humo.

Nimebadilisha zote mbili ili zifanane, za volti 25 na za kustahimili joto la nyuzi 105, si zile za 85. Mstari ubavuni mwa kapasita unaoonyesha mguu wa hasi uangalieni kabla ya kulehemu. Chipu ya kukuzia sauti kwenye kadi sikuigusa, ingawa wapo walionihimiza. Kelele ya kaseti yenyewe ni kubwa kuliko yake.

Kanda 23 zimekwisha. Bibi anakaa pembeni yangu ananitajia majina ya waimbaji, nami naandika.