Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa udereva Tabora na uwanja wa kuteleza

Saa 11 alfajiri

Mvua imeanza saa 6 usiku na bado inapiga bati. Majirani wanavuta shuka, mimi natafuta mabuti. Nafundisha udereva hapa Tabora, na mbali na kuandaa watu kwa mtihani wa leseni nimejipa kazi nyingine: kila mwanafunzi, kabla hatujaagana, aonje gari linavyokuwa likikosa mshiko. Darasa hilo linataka tope. Januari tope lipo bure. Kinachosumbua ni mahali pa kulikanyagia bila kuumiza mtu.

Nina sababu yangu. Nikiwa na miaka 26 niliendesha lori la tumbaku kutoka vijijini, barabara ya Urambo ikiwa haijawekwa lami. Kwenye kona moja mkia ukaanza kunipita. Nikafanya anachofanya kila aliyeshtuka: nikakanyaga breki mpaka chini. Lori likaingia mtaroni na utingo wangu akavunjika mkono. Leseni halali ilikuwa mfukoni, na siku zote nilizojifunza hakuna aliyenieleza mkia ukihama nifanye nini. Mkono wa yule kijana haukunyooka vizuri mpaka leo.

Saa 12 asubuhi

Naikagua Corolla. Upepo, breki, mikanda, wipa. Halafu natoa kila kisichofungwa: jeki, spana, tairi ya akiba, hata chupa ya maji iliyoviringika chini ya kiti. Chupa ikiingia nyuma ya pedali ya breki, breki haikanyagiki tena.

Saa 1 asubuhi

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu. Leo tope lako limeiva."

Huyo ni mlinzi wa uwanja wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, nje kidogo ya mji. Soko likifunguliwa kiangazi hapa hapapitiki kwa malori na mitumba ya tumbaku. Januari tumbaku iko shambani, na uwanja unabaki mtupu: moramu tambarare, urefu kama wa uwanja wa mpira, uzio mbali, hakuna mti hata mmoja katikati.

Ilinichukua misimu miwili kupapata. Uwanja wa mpira wa shule ndio watu hunitajia kwanza, nami niliuomba. Mwalimu mkuu akakataa, na alikuwa sahihi: watoto wanaukatiza saa yoyote, na tairi zingechimba nyasi walizozitunza mwaka mzima. Nikajaribu mbuga kavu, mvua moja tu ikaja ule udongo mweusi ukalimeza gari hadi kwenye mlango. Kuna wanaotoka kwenda kujaribu breki kwenye lami alfajiri, wakisema hakuna mtu. Alfajiri ndiyo saa ya mama wa mboga na baiskeli za mkaa zisizo na taa. Na barabara yenye miembe pande zote, uzuri wote wa Tabora, silipeleki gari la mafunzo huko kamwe. Shina la mwembe halisogei.

Kwa hiyo ukitafuta mahali kwenu, uliza kwanza ni nani mwenye pale. Pata ruhusa yake kwa maandishi, mwambie mtendaji wa mtaa, kisha angalia gari litakwenda wapi mambo yakiharibika. Hilo la mwisho ndilo ninalolipima kwa miguu.

Saa 1 na nusu

Nauzunguka uwanja mzima na fimbo, hatua kwa hatua. Gari linaloserereka kiubavu kwenye sehemu tambarare inayoteleza halina tabu, litazunguka na kusimama. Linapinduka pale tairi za ubavuni zinapokwama kwenye kitu: ukingo, shimo, korongo la tairi la lori lililokauka. Nikikuta korongo nalifukia kwa jembe. Leo fimbo imegonga kitu kwenye dimbwi. Nikaingiza mkono kwenye maji mekundu, nikapapasa: nondo, imechomoza urefu wa kidole, ncha juu. Jana sikuiona kwa sababu gunia lilikuwa juu yake. Babu na mimi tumeihangaikia kwa sururu karibu nusu saa mpaka ikang'oka. Nimeiweka kwenye buti. Kila mwanafunzi wa leo nitamshikisha.

Halafu napanga madumu ya lita tano, maji kidogo ndani ili upepo usiyachukue. Koni nzuri ninazo tano tu, na dumu likigongwa halikwaruzi gari. Babu anashika kitambaa chekundu getini. Kikipanda juu, gari linasimama, hata kama ni mbuzi ameingia.

Saa 3 asubuhi

Mwanafunzi wa kwanza ni muuguzi aliyehamishiwa zahanati ya kijijini huko Uyui. Amenunua IST, na kila wiki atakuwa kwenye barabara ya vumbi. Leo anatumia Corolla yangu, ya zamani, isiyo na ABS, yaani mfumo unaozuia tairi kufunga ukikanyaga breki, maana nataka ahisi tairi zikifunga.

Sheria zetu ni chache: mkanda, vioo juu, mikono ndani, gari moja tu uwanjani, mwendo usizidi 30. Watu hushangaa hiyo 30. Kwenye moramu iliyolowa inatosha kabisa, na ukienda 60 umbali wa kusimama tangu breki ishike hauwi mara mbili, unakuwa kama mara nne.

"Dada, ukifika kwenye dumu la manjano kanyaga breki kwa nguvu, kisha kata usukani kulia."

Akakanyaga. Tairi zikafunga, akazungusha usukani mpaka mwisho, na gari likaendelea kwenda mbele moja kwa moja kama halina usukani. Akanigeukia macho yamemtoka.

"Mwalimu, usukani umekatika?"

Haujakatika. Tairi lisilozunguka halikati kona. Tukarudia, safari hii nikamwambia akiona haliendi, ainue mguu kwenye breki kidogo tu. Akainua. Tairi za mbele zikaanza kuzunguka, na pua ikageuka papo hapo. Alicheka kwa sauti. Tumelirudia zoezi hilo mara kumi na moja, na sikuona haja ya kuharakisha, maana mguu ndio unaojifunza, na mguu ni mwanafunzi mzito.

Akauliza kuhusu IST yake, yenye ABS. Humo kanyaga na uendelee kukanyaga. Pedali itatetemeka na kukoroma chini ya mguu. Wengi wanadhani gari limevunjika, wanaachia. Ule mtetemo ni mfumo unaachia na kukamata breki wenyewe ili usukani ubaki hai. Ila kwenye changarawe nyepesi ABS inaweza kulipeleka gari mbali zaidi kabla halijasimama, kwa hiyo mwachie aliye mbele nafasi kubwa.

Saa 5 asubuhi

Sasa mkia. Corolla inasukumwa na tairi za mbele, hivyo mkia hauhami kirahisi. Kwenye kona, mwendo kama 25, mimi navuta hendibreki kidogo nikiwa nimeshikilia kitufe chake, naiachia. Nyuma inaserereka kushoto. Kazi ya muuguzi ni hii: mguu utoke kwenye eksileta, asiguse breki, usukani uelekee kushoto kuufuata mkia, kisha aurudishe mapema kabla gari halijanyooka kabisa. Akichelewa, mkia unarudi upande wa pili kwa hasira zaidi.

Mara tatu za kwanza alizunguka akaishia kuutazama uzio. Niligundua macho yake yako kwenye uzio tangu mwanzo, na mikono huenda macho yalikokwenda. Nikaweka dumu jekundu mwisho wa kona. "Tazama dumu tu. Mengine niachie." Mara ya nne gari likanyooka.

Pua nayo ikigoma kukata kona, watu huongeza usukani. Upunguzwe kidogo, mguu utoke kwenye eksileta, usubiri tairi za mbele zishike.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama wa kibandani, chai ya tangawizi.

Saa 8 mchana

Vijana wawili na Mark II. Wanataka nirekodi wakizungusha mkia. Nimekataa, na niliwaeleza kwa nini. Norway walilazimisha mafunzo ya utelezi kwa madereva wapya mwaka 1979. Uchunguzi uliotoka 1988 ulikuta vijana wa kiume waliopitia mafunzo yale walipata ajali nyingi zaidi kwenye utelezi. Walitoka wakijiona mabingwa. Habari hiyo ilininyima usingizi nilipoisoma, ikabadilisha somo langu lote. Sifundishi mtu kulimudu tope. Namwonyesha mshiko unavyoisha mapema, mwendo wa 30 tu, ili kesho aikaribie kona yenye maji akiwa amekwishapunguza.

Niliwapa ile nondo waishike. Mmoja aliigeuzageuza kimya. Wakafanya zoezi la breki tu.

Saa 10 jioni

Kwa fundi tairi. Muuguzi kaniletea IST niikague. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijinundu vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6, uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha. Yake ya nyuma yamelingana. Ubavuni namba ni 2313, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2013, na aliuziwa kama "mtumba safi". Tumekubaliana asisafiri kwenda kituoni mpaka abadilishe mawili.

Saa 12 jioni

Kwa mwenyekiti wa chama cha msingi, barazani kwake. Anasema wanachama wamelalamika kuwa nauchimba uwanja wao. Wana haki. Ameniruhusu mpaka mwisho wa Machi, kwa sharti moja: kabla ya soko kufunguliwa niulete usawa kwa tripu moja ya moramu, nishindilie mwenyewe.

Nimepitia kwa dereva wa tipa kuulizia bei. Ameniambia nirudi kesho asubuhi, bosi wake akiwepo.