Taa ya nyuma kwanza: baiskeli na bodaboda kwenye giza la Dodoma

Dodoma jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, mwaka mzima, na likishazama zinabaki dakika 20 na ushee giza lishike. Copenhagen mwezi wa sita machweo yanajivuta karibu saa nzima. Huku nafasi hiyo hatuna. Ndani ya dakika hizo 20 magari kutoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali, yanarudi mjini, ng'ombe wanavuka lami kwenda zizini, na baiskeli za mkaa zinaingia kwa barabara ya Iringa bila hata riflekta moja.

Tupige hesabu. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka, mita 33 zimekwisha kabla hajakanyaga breki, na kusimama kwenye lami kavu kunataka kama 35 nyingine. Jumla mita 68. Taa za dimu zinamwonyesha mtu wa nguo nyeusi akiwa mita 30 hadi 50 tu. Hapo hata dereva makini, mwenye breki nzima, anamgonga. Riflekta safi inamwonyesha mtu huyo huyo akiwa zaidi ya mita 100.

Uholanzi sheria inataka taa nyeupe au njano mbele, nyekundu nyuma, na zote zitulie, zisiwake na kuzima. Kuna pia riflekta nyekundu nyuma na za njano kwenye pedeli. Hizo za pedeli tunazipenda sana, kwa sababu zinapanda na kushuka, na dereva anajua papo hapo kwamba mbele yake kuna baiskeli. Ujerumani nayo inakataza taa za kuwaka na kuzima kwenye baiskeli, na inataka mwanga wa mbele uwe na mkato kwa juu usimpige anayekuja machoni. Denmark inaziruhusu zikiwaka angalau mara 120 kwa dakika; Uingereza iliziruhusu mwaka 2005. Sisi tuko upande wa Waholanzi. Taa inayowaka na kuzima inavuta jicho, lakini kwenye barabara isiyo na taa za mtaani, kama kutoka Nala kwenda Bahi, dereva anashindwa kukadiria iko umbali gani.

Wenye baiskeli ya Phoenix yenye dinamo wasiitupe. Dinamo ya kawaida ni volti 6, wati 3: wati 2.4 za taa ya mbele na 0.6 za nyuma. Globu moja ikiungua, umeme wote unahamia kwa iliyobaki, nayo inaungua muda si mrefu. Ndiyo sababu unabadilisha ya mbele leo na kesho imekufa tena: tatizo liko nyuma. Jambo la pili ni waya. Mafundi wengi wanavuta waya mmoja na kuutegemea mwili wa baiskeli urudishe umeme, kwa hiyo mahali dinamo inapofungwa lazima rangi na kutu vikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Ukisimama dinamo haitoi mwanga, na kwenye mchanga gurudumu lake linateleza, basi riflekta ya nyuma ibaki palepale hata kama taa ni mpya.

Halafu mzigo. Gunia la mkaa au madumu manne ya maji yanafunika kila kitu kilichofungwa kwenye karia. Shusha riflekta chini kabisa ya madigadi la nyuma, karibu na kitovu cha gurudumu, na funga utepe wa kuakisi kwenye mzigo wenyewe, upande wa nyuma na kulia, maana magari yanakupita kulia. Mikokoteni ya punda inahitaji hivyo hivyo, na inasahaulika zaidi ya wote.

Kwa pikipiki, somo kubwa kutoka nje ni taa ya mchana. Malaysia iliifanya lazima mwaka 1992. India, zinakotoka Boxer na TVS, iliagiza tangu Aprili 2017 kwamba pikipiki mpya ziwake taa zenyewe injini ikiwaka. Hata kwenye baiskeli imejaribiwa: Odense, Denmark, watu karibu 4,000 walifuatiliwa mwaka mzima, na waliofungiwa taa za sumaku zinazowaka usiku na mchana walipata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19. Kama yako ina swichi, iwashe kabla hujatoka kijiweni. Kiangazi vumbi likitimka barabara za pembezoni, utaelewa faida yake. Lenzi ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kikavu kinasaga mchanga juu ya plastiki na kuitia ukungu wa kudumu.

Usiongeze nguvu ya globu. Nyingi ni volti 12, wati 35/35. Ukiweka 55/60, mfumo wa chaji hauwezi kuilisha na kishikio cha globu kinayeyuka. Zile LED kali za bei rahisi zinatawanya mwanga kila upande, na anayekuja haoni kitu kwa sekunde kadhaa. Huko ni kuhatarisha maisha ya mtu mwingine, na mafundi wakatae kuzifunga.

Kupima dimu: simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, wewe ukiwa juu na abiria mmoja nyuma, maana uzito wa abiria unainua taa. Weka alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hadi 7 chini ya alama. Anayebeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hawezi kuitegesha taa hata afanyeje.

Mwisho taa ya breki. Rudi nyuma karibu na ukuta usiku, bana breki ya mkono, achia, kisha kanyaga ya mguu. Ukuta uongezeke wekundu waziwazi mara zote mbili. Ya mguu isipowaka, angalia springi ndogo ya swichi karibu na pedeli: imekatika, au swichi imejaa vumbi. Zungusha nati ya swichi mpaka taa iwake kabla breki haijaanza kushika.