Rejista 18, na CS iliyojificha

Umeme ulirudi Bombo saa nne usiku, nikarudi kwenye haipavaiza yangu ya kuchezea, yaani programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza (mashine pepe) ndani ya kompyuta halisi. Mashine pepe ilikuwa inakufa kabla ya kutekeleza amri hata moja. Baba, askari mstaafu, akapita na kikombe cha chai: “Bado mnapigana?” Bado, mzee.

Ninachokipenda kwenye KVM, sehemu ya Linux ya kuendeshea mashine pepe iliyoingia mwaka 2007, ni kwamba prosesa ya mgeni (ndiyo hiyo mashine pepe) inaendeshwa na kerneli, kiini cha Linux, lakini programu yako ya kawaida inaruhusiwa kuchungulia rejista zake, vile vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa. KVM_GET_REGS inakuletea 18: zile 16 za kazi zote, pamoja na RIP (inayoonyesha amri ifuatayo iko wapi) na RFLAGS (biti za hali ya prosesa). Unabadilisha, unarudisha kwa KVM_SET_REGS, kisha KVM_RUN inamwendesha mgeni.

Mimi niliweka RIP kuwa sifuri, RFLAGS 2 (biti namba 1 haizimwi kamwe), nikajiona fundi. Kumbe prosesa ya x86 ikiamka, msingi wa CS, rejista ambayo msingi wake hujumlishwa na RIP kupata mahali pa amri, ni 0xffff0000, na CS haimo katika zile 18! Inakaa fungu jingine, KVM_GET_SREGS. Maskini mgeni alikuwa anatafuta amri karibu na GB 4, mahali ambapo sikumpa kumbukumbu yoyote. Siku mbili nzima nilikuwa nalaumu msimbo wangu wa asembli, zile amri nilizomwandikia mgeni, ambao haukuwa na kosa.

Nikaandika sifuri kwenye msingi wa CS na kwenye selekta yake (namba nyingine iliyomo ndani ya CS). Skrini ikatoa herufi moja: A.

Nilipiga kelele hadi baba akarudi. Akaitazama ile A. “Ndiyo hiyo tu?”