Kibalbu cha Baba

Jumamosi iliyopita mwanangu alipekua sanduku la spana akatoa kibalbu chenye nyaya mbili, mmoja ukiwa na kibanio kilichoota kutu. "Baba, hiki cha nini?" Nikamjibu kwamba ni cha kupimia taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto, ya Volkswagen ya babu yake, nikaishia hapo, maana jibu lililobaki sijawahi kumpa mtu.

Gari ni ile 1300 ya mwaka 1969, na safari ilikuwa ya harusi ya shangazi, Lushoto. Nilikuwa na miaka 16. Miezi miwili kabla, Baba alinikabidhi kwa mara ya kwanza kazi ya kubadilisha kontakti za distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, peke yangu. Nilizifunga, nikapima mwanya wake kwa fila, kibati chembamba cha kupimia, ya milimita 0.40, nikaweka taimingi, kisha nikaandika kwenye daftari la gari: kontakti mpya, grisi, taimingi. Grisi sikupaka. Wenzangu walikuwa wananiita uwanjani, kikopo kilikuwa hakijafunguliwa, nami nilijiambia kwamba tone dogo kama punje ya mchele haliwezi kubadilisha kitu.

Linabadilisha. Ndani ya distribyuta ile, kamu yenye pembe nne huzunguka ikisukuma kiguu kidogo kinachofungua kontakti, na kila zinapofunguka koili hutoa moto wa plagi. Kamu ikiwa kavu hukila kile kiguu. Kiguu kikiisha, mwanya hupungua, kontakti huchelewa kufunguka na moto nao huchelewa, hata mafuta yanaungua pistoni ikiwa imeshaanza kushuka. Nguvu hupotea, na joto lililopaswa kusukuma gari huishia kwenye ekzosi na silinda hedi. Kwenye tambarare hatukuhisi lolote. Tulipoacha Mombo na kuanza kupanda, injini ilichoka kona baada ya kona, na karibu na Soni, pale maporomoko ya maji yanaposikika, Baba aliegesha pembeni.

Jua lilikuwa linazama. Alifungua kifuniko cha nyuma, akasubiri injini ipoe, akatoa kofia ya distribyuta na rota, kile kipande kinachozunguka juu ya kamu, kisha akajaribu kupitisha fila. Hata ya 0.20 haikupita. Akagusa kamu kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole: kilikuwa kikavu, na unga mwembamba wa kahawia umekishika. Hakusema neno. Akaomba kikopo cha grisi, nami nikampa, kwa sababu sikuwa na njia ya kutompa. Aliuzungusha mfuniko kwa shida, kama kila kikopo kipya, na grisi ilikuwa laini juu, tambarare, haijaguswa na kidole chochote tangu kiwandani. Aliitazama kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima.

"Shika kibalbu, mwanangu."

Alipaka grisi, akarudisha mwanya kwenye 0.40, kisha akazungusha injini kwa spana kwenye nati ya dinamo mpaka alama ya puli, ile ya nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, ikalingana na mstari unaogawa injini katikati, na rota ikaelekea kwenye alama ya silinda ya kwanza. Waya mmoja nikaushika kwenye koili, mwingine kwenye bodi. Akawasha swichi, akalegeza nati, akaanza kuigeuza distribyuta kinyume cha saa, taratibu mno, kwa vidole viwili. Giza lilikuwa limeingia na mikono yangu ilitetemeka. Ghafla kontakti zikafunguka, kibalbu kikawaka, mwanga wa njano ukamwangaza uso kutoka chini, nikaona kwamba hakuwa akiitazama distribyuta bali alinitazama mimi. Akakaza nati.

Tulifika Lushoto harusi ikiwa bado ngomani. Baba alikuwa mchangamfu usiku kucha, na suala la kikopo halikutajwa, si siku ile wala miaka yote iliyofuata mpaka tulipomzika.

Daftari ninalo. Chini ya mstari wangu kuna mstari wake: Soni, kontakti 0.40, grisi, taimingi. Nimelisoma neno "grisi" mara nyingi nikitafuta kama alilikandamiza kalamu zaidi ya mengine. Kuna siku naona alilikandamiza, na kuna siku naona mwandiko ni uleule. Mwanangu amekitundika kibalbu ukutani juu ya kitanda chake, na jana ameniuliza tena kinavyofanya kazi.