Nasomea dini, sisomei ushekhe

Mombasa, ukimwambia mtu unasomea dini chuo kikuu, maswali hayakawii: utakuwa kadhi? Utafungua madrasa? Jirani yangu mmoja aliposikia nasoma pamoja na Wakristo na Mhindu, tena mhadhiri wetu ni mtawa wa Kikatoliki, aliniombea dua palepale mlangoni nisije nikaharibika. Mimi ni mwalimu wa IRE, yaani somo la dini ya Kiislamu, katika shule ya upili, na jioni nahudhuria masomo ya uzamili. Darasani kuna hata kijana anayesema hana dini, ingawa Ramadhani hufunga ili mamake asimnunie.

Barazani petu Majengo, baada ya Isha, muuza kahawa akishapita na dele lake, masomo yangu yamekuwa gumzo. Wenzangu wamekulia mihadhara, ile mijadala ya hadharani ya Waislamu na Wakristo. Mjadala wa mwaka 1986 wa Ahmed Deedat, mhubiri wa Kiislamu, na Jimmy Swaggart, mhubiri wa Kikristo, wanao kichwani. Watakwambia nani alibabaika na kwa aya gani. Kwao dini ya mwenzio huizungumzi ila mmoja wenu aondoke na kombe. Sasa nikiwaeleza kwamba jana tulijadili kutambika saa mbili nzima, na hakuna aliyeuliza kama ni halali au haramu, ami mmoja, mstaafu wa bandarini, huniangalia kwa huruma.

"Sasa mwafanyani huko, mwalimu?"

Nikamweleza habari za Ninian Smart, aliyeanzisha idara ya masomo ya dini katika chuo kikuu cha Lancaster, Uingereza, mwaka 1967. Smart alitaka mtafiti aiweke imani yake kando kwanza, aitazame ibada jinsi anavyoitazama mwenyewe anayeabudu.

"Aiweke kando hadi lini?" ami akauliza. "Hadi adhana?"

Baraza zima likacheka. Mimi pia. Lakini hiyo ndiyo hoja ambayo wakosoaji wa Smart wameiandikia vitabu.

Kilichonoga zaidi ni siku niliyowapelekea John Mbiti. Mbiti alikuwa Mkamba wa Kitui, kasisi wa Kianglikana, na kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, bado hukikwepi ukisoma dini za Kiafrika. Humo anadai kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika kuna wakati uliopita, mrefu sana, na kuna uliopo, lakini wakati ujao ni kama haupo. Tena nyakati hizo mbili alizipa majina kwa Kiswahili: Sasa na Zamani.

Kulikuwa na nahodha wa zamani pale, mtu wa maneno machache. Akasema huyo bwana hakufika baharini. Akatueleza jinsi walivyokuwa wakihesabu tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jadi wa Waswahili, mwongo baada ya mwongo, siku kumi kumi, wakijua kaskazi itashika lini, kusi itaingia lini, na chombo kipandishwe pwani wakati gani. Nikamtetea Mbiti: misimu ni mambo ya maumbile yanayojirudia, nayo ameihesabu ndani ya Sasa.

"Na deni la tanga," nahodha akasema, "la kulipwa kaskazi ya mwaka wa tatu, hilo nalo ni maumbile?"

Sikuwa na jibu, na darasani nako nilipouliza hawakuwa nalo. Mpinzani mkubwa wa Mbiti alikuwa Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Gulu, Uganda, aliyezaliwa mwaka uleule wa 1931. Yeye aliwashutumu wasomi wa aina ya Mbiti kwamba wameivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ipendeze machoni pa Wazungu. Mimi naegemea kwa p'Bitek. Mbiti alikusanya habari za karibu makabila 300, na msomaji ukitafuta kabila lako unakuta limepewa sentensi mbili, tatu. Lakini haki yake nampa: aliandika wakati ambapo wengi bado walimhesabu Mwafrika kuwa hana dini ya kuzungumzwa.

Hoja hizi kwangu si za vitabuni tu. Nyanya yangu mzaa mama ni Mgiriama wa Kaloleni, na kwao kuna vigango. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, kichwa cha mviringo, kiwiliwili kimechorwa pembetatu kwa kisu, husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha wazee kiitwacho Gohu. Kikishasimamishwa hakihamishwi, hata ukoo wenyewe ukihama. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili bomani kwake. Baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, akaonyeshwa picha ya mkusanyiko wa chuo kimoja cha Illinois, na kimoja cha vile viwili kimo! Cha pili kikapatikana Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudi kwa familia mwaka 2007, na ushahidi ulikuwa ile picha. Kule vilikokuwa vimewekwa, viliitwa sanaa.

Nilidhani ami ataanza na shirki, kumshirikisha Mungu. Na kweli alianza nayo. Kisha akakunja uso, akauliza kigango kilikuwa kimesimama kwa nani, nani aliyeuza, na aliyenunua hakuuliza kimetoka wapi? "Shirki ni shirki," akasema, "lakini boma la mtu ni boma la mtu." Tukaingia saa nzima: maiti kumjia mtu njozini akidai kigango chake, nani hulipa fundi, na nini humpata mwizi. Haramu na halali hazikutajwa tena usiku ule, hata muuza kahawa alipozunguka mara ya pili.

Ndiyo maana wazee wa Kaloleni waliponipa masharti ya utafiti wangu sikubishana nao. Hakuna picha. Na kila ninachoandika kuwahusu kisomwe mbele yao, kwa Kigiriama, kabla hakijafika chuoni. Pasipo sawa watasema. Msimamizi wangu anaona masharti hayo yatavuruga ratiba, na anauliza nitafanyaje wakikataa sura nzima. Nimemjibu kwamba nitaandika walichokataa na sababu waliyotoa, wakiniruhusu. Sura ya pili itachelewa, hilo analijua. Alhamisi naipeleka Kaloleni pamoja na binamu yangu, maana Kigiriama changu ni cha jikoni kwa nyanya, na neno "nadharia" sijui nitalifanyaje.