Jinsi nilivyotatua tatizo la washiriki wote kuchagua fedha za leo

Mimi ni mtafiti wa sayansi ya tabia katika shule ya biashara ya chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, na kwa majuma kadhaa nilihangaishwa na swali moja la kupima subira: mfanyabiashara mdogo wa sokoni achague kupokea shilingi 10,000 leo, au kiasi kikubwa zaidi baada ya wiki nne. Karibu wote walichagua leo, hata nilipofikisha kiasi cha baadaye shilingi 20,000. Nilirekebisha tafsiri, nikabadilisha mpangilio wa maswali, bila mafanikio.

Ndipo mama mmoja muuza dagaa aliponiuliza kwa upole, "Mwanangu, baada ya wiki nne nitakupata wapi?" Nilitambua kwamba sikuwa nikipima subira yao, bali imani yao kwangu.

Kwanza niliondoa malipo ya papo hapo: chaguo la mapema likawa kesho, ili machaguo yote mawili yawe ahadi. Kisha malipo yote yakapitia simu. Jambo dogo lililoleta tofauti ni kwamba, kabla ya swali la kwanza, nilimtumia kila mshiriki shilingi 500, tukasubiri pamoja hadi ujumbe ulipoingia na akasoma mwenyewe jina la mtumaji. Mwishoni nilimwachia kadi yenye tarehe ya malipo, namba yangu na mhuri wa idara.

Majibu yalianza kutofautiana siku hiyo hiyo. Ada ya kutoa fedha niliiongeza juu ya kila malipo, kwa kuwa washiriki huihesabu hata kama dodoso halitaji ada hiyo.