Ngumi imekunjwa, koo ndilo linauma

Leo mchana mdogo mtu kaubomoa mnara wa vibao ambao dada yake, mwenye miaka 5, alikuwa anaujenga tangu asubuhi. Binti akakunja ngumi, pumzi zikawa za juu juu. Nikauwahi mkono kabla haujatua. "Kukasirika ruksa. Kumpiga mdogo wako, hapana." Kisha nikakaa naye sakafuni, kimya, akalia mpaka akatosheka.

Mtoto akiwa katika hali ile, mahubiri hayamwingii. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuzuia kufanya kila linalotujia, huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka 20. Huyu wangu ana 5! Kwa hiyo tulianza na mwili: kuvuta pumzi, halafu kuitoa taratibu, kwa muda mrefu kuliko tulivyoivuta, maana hapo ndipo mapigo ya moyo hupungua.

Alipotulia nikamuuliza, "Unasikia vibaya wapi?" Akagusa koo. "Nilitaka baba auone."

Kumbe ilikuwa huzuni. Hasira ya mtoto mara nyingi imefunika kitu kingine: wivu, aibu, woga, hata njaa au usingizi tu. Ukiishughulikia ngumi peke yake, kile cha chini kinabaki palepale.

Mwaka 2007 mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake walichunguza ubongo wa watu wazima waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hisia kali. Walipoitaja hisia kwa jina, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu na hatari, ilipunguza kazi. Sishangai. Binti alipokubali kwamba ana huzuni, mabega yalimshuka.

Ila majina hayo ya hisia mtoto hujifunza siku za utulivu, si katikati ya kilio. Tunayatafuta kwenye nyuso za vitabu vya picha, na zaidi anayasikia kwangu: "Mama amekereka, anakwenda kunywa maji kwanza, atarudi tuongee."

Kinachonikera mimi ni haya anayoambiwa mdogo wake. Hata miaka 3 hajafika, na tayari mgeni wetu mmoja amemwambia mwanaume halii. Afanye nini sasa na huzuni yake, aigeuze ngumi? Nimeshaongea na baba yao. Mgeni akirudia, tutamjibu kwa adabu, palepale, mtoto akisikia: hapa kwetu analia.